Jumapili naongoza kuabudu, Jumatatu gorogoro yangu inapunja. Ibada ya kweli ni ipi?

MamaPojo (mwanzisha uzi)

Bwana asifiwe wapendwa. Nimeandika haya na kuyafuta mara tatu, leo naachia. Ni marefu, mwenye haraka atarudi jioni.

Nauza nafaka soko la Kongowea, Mombasa. Mahindi, maharagwe, kunde, mbaazi, na pojo ndiyo iliyonipa jina. Kanisani naimba, na kwa miaka tisa nimekuwa kati ya wanaoongoza sifa na kuabudu. Zile nyimbo za kuruka zikiisha, kinanda kikishushwa, mimi ndiye ninayepewa maikrofoni. Watu hulia. Mimi nami hulia, na sikuwahi kulia kwa kuigiza hata siku moja. Hilo ndilo linalonisumbua.

Sasa niwaeleze gorogoro, maana wengine mnanunua pakiti zilizofungwa. Ni mkebe wa bati uliokuwa wa mafuta ya kupikia, unaohesabiwa kilo mbili. Mteja wa rejareja nampimia kwa mkebe: nachota, nafuta juu kwa kiganja, namwaga mfukoni. Mkebe huo ukigongwa kitako kikabonyea kuingia ndani, mteja haoni kitu, kwa sababu anautazama ukiwa umejaa. Kinachopungua ni kiganja kimoja, labda kimoja na nusu. Kwa mteja mmoja hakionekani. Kwa gunia zima ni nauli yangu ya wiki. Wenzangu wengi sokoni ni waaminifu na siwasemei. Nausema wangu, ambao niliuziwa ukiwa umeshabonyezwa, nikaulipia zaidi ya mkebe wa kawaida nikijua ni kwa nini.

Ramadhani iliyopita bi mkubwa mmoja mwenye meza ya mchele, mkabala na yangu, alinunua pojo gorogoro mbili. Huyu mimi ni kama mwanawe, wanangu wamekula mahamri yake tangu wako wadogo. Akaenda na mfuko hadi mezani kwake, akauweka juu ya mizani, akatazama. Kisha akarudi nao mbele yangu. Hakupandisha sauti, wala hakuna aliyegeuka. Akasema, "Mwanangu, sikuja kudai. Nimekuja ujue kuwa nimejua." Akauchukua mfuko wake akaondoka nao hivyo hivyo ulivyo. Jioni tunafunga meza, akaniambia tena kwa upole, "Kwetu kuna sura nzima ya wapunjao. Nyinyi kwenu hamna?"

Sikulala. Ile ya Mithali, mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, nilikuwa naijua, nani haijui. Lakini nilichokutana nacho usiku ule ni Amosi sura ya 8. Kuna watu pale wako kwenye sikukuu, mwezi mpya, sabato, na mioyoni wanaulizana itakwisha lini wakauze nafaka. Nafaka! Kipimo wamekipunguza, bei wameipandisha, mizani wameichezea. Nikarudi nyuma sura ya 5: "Niondoleeni kelele za nyimbo zako." Yule nabii alikuwa mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa, karne ya 8 kabla ya Kristo, na amenikuta Kongowea na mkebe mkononi.

Jumapili yake nilisimama mbele kama kawaida. Kinanda kikashuka. Nikafungua mdomo, sauti ikatoka nzuri kama siku zote, machozi yakaja kama siku zote. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilitegemea sauti ikwame, na haikukwama. Kumbe naweza kuwa na mkebe ule chini ya meza na bado nikaimba vile.

Nauliza mawili. Miaka tisa hii nilikuwa naabudu, ama nilikuwa naimba tu? Na la pili: niliowapunja wengi siwajui majina, ni wapita njia, wengine wameshahama mji. Nitawalipaje?

Mpita_Njia

Mama, wewe angalau umesema. Mimi nilitoka kanisa fulani, silitaji, ambako kuabudu kulikuwa ni bahasha. Mwenye noti ya elfu anaitwa mbele kuombewa, mwenye mia anaombewa akiwa amekaa. Nilikuwa kibarua, basi nilikaa miaka miwili. Tangu hapo mtu akiniambia "tuingie katika kuabudu" nashika mfuko wangu.

Swali lako la kwanza najibu: ulikuwa unaimba. Nisamehe kama ni kali.

Kinanda_Changamwe

Shikamoo mama. Mpita_Njia, pole kwa yaliyokupata, lakini hapo nakataa.

Mimi ni mpiga kinanda. Wiki nzima niko bandarini, na zamu ya usiku ikiishia Jumapili alfajiri naoga, napanda matatu moja kwa moja hadi kanisani. Kila mazungumzo ya ibada yakianza, wanamuziki ndio wa kuchapwa. Ati ni hisia, ati ni maonyesho. Kuna ukweli ndani yake, sikatai: nimekaa kwenye mazoezi ambako tulibishana saa nzima nani ashike maikrofoni siku ya kurekodiwa, na kwa saa ile nzima jina la Yesu halikutajwa. Nakiri.

Lakini mwaka juzi tulizika mtoto wa jirani yetu, wa miezi minne. Mamake hakuweza kusimama, alikuwa amekaa mchangani kando ya kaburi, leso yake imelowa kifuani kwa maziwa, maana kifua hakijui kwamba mtoto amefariki. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Yule mama akaanza kuimba. Peke yake, bila ala, ubeti mmoja wa tenzi, tena chini chini. Hakuumaliza. Sisi ndio tuliomalizia.

Mniambie hiyo nayo ilikuwa ni kuimba tu? Ayubu alipopoteza watoto wote kwa siku moja, alirarua joho lake, akanyoa kichwa, akaanguka nchi, akasujudu. Hajapewa jibu lolote wakati ule. Hajui kwamba kuna sura ya 42, pale anaporudishiwa. Paulo na Sila wanaimba usiku wa manane, miguu imebanwa, mgongo umechapwa, na wafungwa wengine wanawasikiliza. Na Sulemani alipoliweka wakfu hekalu, wapiga tarumbeta na waimbaji walipokuwa kama mtu mmoja, ndipo nyumba ikajaa wingu hata makuhani wasiweze kusimama. Someni 2 Mambo ya Nyakati 5. Mungu hadharau sauti.

Tukisema tutakate kwanza ndipo tuimbe, Jumapili Mombasa nzima itakuwa kimya. Mama, usiache maikrofoni. Acha mkebe.

Nasoma_Tu

Nimeweka kambi hapa.

Mkongwe_wa_Rabai

Bwana asifiwe wanangu. Nilikuwa msomaji kanisani kwetu kwa muda mrefu, sasa macho yamepungua, mjukuu ananisaidia kuandika. Mtanivumilia.

Tuanze na neno lenyewe, tunalitumia kila siku bila kulifunua. Ibada na kuabudu ni ndugu wa tumbo moja, na asili yao ni Kiarabu, kwenye shina lile lile la neno abd, mtumwa. Ndiyo maana jirani yako anaitwa Abdallah au Abdulrahman: mtumwa wa Mungu, mtumwa wa Mwingi wa Rehema. Kiebrania nacho kina neno avodah, ambalo ni kazi na ni ibada. Kazi ya Waisraeli ya chokaa na matofali kule Misri, na utumishi wa Walawi hemani, vyote viwili vimeitwa kwa neno hilo. Na Paulo katika Warumi 12:1, "itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai, takatifu, ya kumpendeza Mungu, ndiyo ibada yenu yenye maana," Kigiriki chake kinasema latreia, nayo ni utumishi. Angalieni alichoomba kitolewe. Ni mwili, pamoja na mikono yake.

Mama Pojo, ukienda sokoni nadhani unapita Kengeleni. Ile kengele ni ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, cha Kianglikana) mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Yaliitwa kwa jina la Mwingereza Bartle Frere. Kengele ilipigwa kuwaonya watu kwamba wauza watumwa wanakaribia. Wale watu hawakuhitaji mahubiri ya kuwaeleza mtumwa ni nani. Walikuwa wameshapimwa, wamehesabiwa, wamewekewa bei. Kisha mtu huyo huyo anaketi kanisani anasikia barua ikifunguliwa: "Paulo, mtumwa wa Kristo Yesu." Jambo hili nimeliwaza tangu ujana wangu, kwa sababu katika wazee wangu wamo waliotoka kwenye majahazi yale. Mnyororo umekatwa juzi, leo unaambiwa kwamba kuabudu ni kuwa mali ya mwingine, na safari hii hakuna anayekushika mkono, unakwenda mwenyewe. Nao wakaenda. Wangeweza kulichukia neno lile maisha yao yote na hakuna ambaye angewalaumu.

Kwa hiyo nyinyi wawili mliotangulia naona mnabishania sauti. Mtumwa hana saa ambayo si ya bwana wake. Mimi ningeuliza: Jumatatu saa moja asubuhi, mkono ukiwa ndani ya gunia, ulikuwa wa nani?

Sasa Yohana 4. Sote tunaikariri ile ya roho na kweli, lakini wengi tunaanzia katikati. Yule mwanamke wa Samaria, Bwana alipomgusa habari za nyumbani kwake, waume watano, mara moja alihamisha mazungumzo: je, tuabudu katika mlima huu au Yerusalemu? Sisi nasi ndivyo tulivyo. Tukiguswa panapouma tunakimbilia kubishana ngoma au tenzi, kusimama au kupiga magoti, Jumamosi au Jumapili. Lakini fuateni neno moja tu katika Biblia yetu ya Kiswahili. Mstari wa 18 Bwana anamwambia, "hapo umesema kweli." Mistari mitano mbele anasema waabuduo halisi watamwabudu Baba katika roho na kweli. Kweli ile ya kwanza ilikuwa habari za mume asiye mume. Ya kwako, mwanangu, ni kitako cha mkebe. Umeshaisema mbele ya watu. Sitakwambia miaka tisa ilikuwa nini, hiyo anaijua aliyeimbiwa. Lakini katika uzi huu naona mtu ameanza kuabudu.

MamaPojo

Mzee wangu, nimesoma nikiwa mezani, nikamwomba jirani anitazamie mali nikatoka nje kidogo. Ile kengele naipita kila alfajiri. Huwa ni mahali pa kumwambia konda "shusha" na hakuna zaidi.

Kinanda, mwanangu, Mungu akubariki kwa habari ya yule mama. Nimelia, na safari hii hakukuwa na kinanda.

Binti_wa_Likoni

Naomba na mimi niulize, si kwa kuharibu uzi wa mama.

Mamangu alipata kiharusi, huu ni mwaka wa pili. Kanisa letu liko ng'ambo, Kisiwani, na sijakanyaga tangu Pasaka ya mwaka jana kwa sababu Jumapili sina wa kumwachia. Kila anayekuja kutuona ananiambia, "Kumhudumia mama ndiyo ibada yako." Anayasema amesimama mlangoni na viatu miguuni, kisha anaondoka kuwahi feri.

Niwaambie ilivyo. Saa kumi na moja alfajiri namgeuza ubavu. Godoro lina nailoni, linalia. Namfuta kwa kitambaa na maji vuguvugu, naanzia usoni, namalizia pale ambapo mtoto hapaswi kumwona mzazi wake, na yeye hufumba macho mpaka nimalize. Akifumba macho ndipo moyo wangu unapokatika. Halafu namlisha uji kwa kijiko kidogo, nusu unarudi. Kuna siku nakuwa na hasira hadi mikono inatetemeka. Simkasirikii yeye. Namkasirikia Mungu. Na kazi naifanya yote, siachi hata kitu kimoja.

Mtu wa namna hii anaabudu? Naomba msinipambe.

Kinanda_Changamwe

Dada, sina jibu. Nakuombea usiku huu nikiwa zamu.

Mkongwe_wa_Rabai

Binti, sikupambi.

Fungua Zaburi 88. Zaburi nyingine za huzuni hugeuka mwishoni, mtu analia kisha anasema hata hivyo nitamsifu. Hii haigeuki. Inaishia kwenye neno "gizani," basi, imefungwa. Na wana wa Kora wakaichukua wakaiweka kwenye kitabu cha nyimbo za watu wa Mungu, hawakuitia kiungo. Mwenye zaburi anamwambia Mungu usoni kwamba yeye ndiye aliyemfanyia haya, lakini mchana na usiku analia mbele zake, hajageukia mlango mwingine. Hasira yako inajua inaelekea wapi. Mimi nawahofia zaidi waliotulia kwa sababu hawana la kumwambia.

Upande wa Nyali kuna kaburi la Rosine, mke wa mmisionari Johannes Ludwig Krapf. Walifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Julai mwaka huohuo homa ikamchukua Rosine na mtoto wao mchanga. Wakati huo Krapf alikuwa ameshaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwanzo, chenye ile sura ya 22, Ibrahimu akiwaambia vijana wake wabaki na punda, "mimi na kijana tutakwenda kule, tukaabudu." Tazama walichobeba: kuni, moto, kisu. Ibrahimu aliita ibada jambo ambalo lingeweza kumkasirisha mzazi yeyote. Sikwambii uwe Ibrahimu wala Krapf. Nakwambia tu kwamba neno hili tangu zamani limebeba watu wenye mizigo kama yako, halikutengenezwa kwa ajili ya wenye raha.

Na nyinyi mnaomsifu binti huyu mkiwa mlangoni: vueni viatu. Mshike kile kitambaa Jumapili moja, yeye apande feri.

Jirani_Mtongwe

Binti, niko Mtongwe. Nilimuuguza baba mkwe hadi mwisho, nayajua ya nailoni. Jumapili hii naweza kukaa na mama kuanzia saa moja na nusu. Nakutumia ujumbe pembeni.

Hamali_Mkatoliki

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimefurahi kuona hili la mwili limetajwa. Sisi huambiwa tunapiga magoti tu na kuinuka kama mazoezi. Kuna siku nimebeba magunia tangu asubuhi hadi akili haina hata sala moja, naingia kanisani, goti linashuka lenyewe. Kichwa kimechoka, mwili unamkumbuka Mungu kwa niaba yangu. Na neno Misa lenyewe linatokana na maneno ya Kilatini ya kuwaaga watu mwishoni. Unaambiwa nenda. Ibada imepewa jina la pale mlangoni, unapotoka.

Lakini nimekuja kwa swali la pili la mama, naona watu wamelizunguka. Zakayo, Luka 19: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya anamrudishia mara nne. Alisema hayo amesimama, Bwana yuko nyumbani kwake, na hakuambiwa "usijali, neema inatosha." Aliambiwa leo wokovu umefika nyumba hii. Na Hesabu sura ya 5 inazungumzia hali yako hasa: kama aliyedhulumiwa hayupo, wala hana jamaa wa kupokea, malipo yanatolewa kwa BWANA, yanakuwa ya kuhani. Kwa hiyo piga hesabu ya haki, kiganja kwa kiganja, upeleke.

Mpita_Njia

Hapo kwa kuhani ndipo ninaposimama. Aliyepunjwa ni mama anayenunua nusu gorogoro kwa pesa ya kufua nguo. Ukipeleka kanisani, pesa ya yule mama itanunua spika. Zakayo hakupeleka hekaluni, alitaja maskini.

Hamali_Mkatoliki

Ndugu, nakuelewa kwa yaliyokupata, na siwezi kukubishia sana. Si kila kanisa lina bahasha za mbele na za nyuma, letu lina watu wanaowapelekea wagonjwa chakula. Lakini haya, na apeleke kwa maskini moja kwa moja. Asije akabaki nayo tu kwa sababu sisi hatujakubaliana.

Mpita_Njia

Hilo sawa. Na mama, lile jibu langu la kwanza nalirudisha. Sikuwa na haki ya kulisema.

MamaPojo

Wapendwa, nimenyamaza siku kumi na mbili. Niwaambie nilipofika, sijamaliza.

Ule mkebe niliupeleka kwa fundi wa mabati. Nilitaka autoe kitako kiwe kama zamani, nilikuwa na wazo la kuutumia huohuo ukiwa umenyooka. Akaingiza kipande cha mti ndani, akagonga taratibu, kitako kikatoka. Lakini bati lilikuwa limechoka pale pembeni, likapasuka, unaona mwanga. Nimenunua mwingine, na nimeupima kwa mizani ya bi mkubwa kabla ya kuuweka mezani.

Nilikwenda kwa mchungaji nikamwambia yote. Aliketi kimya muda mrefu, kisha akaniambia nikae na watu kwa miezi mitatu, niimbe nikiwa kwenye benchi. Kinanda, najua utaumia, lakini si adhabu, mimi mwenyewe niliomba. Nilitaka kujua kama ninaweza kuimba pasipo mtu wa kunitazama.

Jumapili ya kwanza nilikaa benchi la tatu kutoka nyuma. Ubavuni mwangu akaketi mama mmoja, na nikamtambua. Ni mteja wangu. Jumamosi kwa Jumamosi, nusu gorogoro ya pojo, kwa miaka. Miaka yote hiyo nimesimama mbele nikiwaambia watu wafumbe macho, sikuwahi kumwona kwamba ni wa kanisa letu. Ukiwa mbele na taa zinakumulika unaona vichwa tu.

Ilipofika wakati wa sadaka nikaikumbuka ile ya Mathayo 5, kwamba ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale, uende kwanza ukapatane naye. Pesa ilikuwa mkononi. Nikaiacha juu ya benchi, nikamwomba tutoke nje. Chini ya mwarobaini nikamwambia: mkebe, kitako, miaka. Nikamwambia na hesabu niliyopiga, kila Jumamosi nusu ya kiganja kimoja na nusu, mara nne kama Zakayo.

Hakunikumbatia. Nawaambia hivyo kwa sababu nilitazamia. Alinitazama, akauliza, "Hata ile miezi mume wangu alipokuwa hana kazi?" Nikasema ndiyo, hata ile. Akarudi ndani akachukua mkoba wake, akahamia benchi jingine. Pojo niliyompelekea nyumbani Jumatano hakuipokea. Alisema ataniambia akiwa tayari. Mfuko wake nimeuweka chini ya meza, umefungwa kwa kamba, una jina lake, na hakuna atakayeuziwa.

Wale nisiowajua, nimefanya hivi. Jioni, saa ya wanaonunua robo na nusu, sifuti tena juu ya mkebe kwa kiganja. Naacha kilele kinachobaki. Sisemi kitu, na nimemkataza mwanangu asiseme ni ofa, maana si ofa. Hesabu niliyoipiga ni kwamba nitafanya hivyo mwaka mzima na kitu. Mwaka ukiisha nitatazama tena.

Jumapili iliyofuata niliimba nikiwa benchi. Sauti ilikuwa mbaya, imekauka, nilikosa hata noti za wimbo ninaoujua miaka yote. Yule mama alikuwa mbele yangu mistari miwili, namwona kisogo. Niliimba nikikitazama kisogo chake hadi mwisho, na machozi hayakuja.

Binti, nimefurahi kusikia ulivuka. Mpe salamu yule wa Mtongwe.

Jana bi mkubwa amenunua pojo, gorogoro mbili kama kawaida yake. Nilichota, nikamwaga, akalipa, akaanza kufunga mfuko bila kuutazama. Nikamwambia, "Ma, uweke kwanza kwenye mizani."